Mtoto Hujifunza Lugha kwa Anayemjibu

Mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa madarasa ya awali katika mkutano wa wazazi na walezi wa kata. Inachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.



Nilipostaafu nilidhani nimekwisha agana na habari za madarasa ya awali. Kumbe mwalimu hastaafu maadamu majirani wangali wana maswali.

Swali mlilonipa wote mnalijua. Miezi michache iliyopita ilizunguka katika simu zetu video ya roboti ndogo nyeupe ikimfundisha mtoto maneno ya Kiingereza. Inapunga mkono, inageuza kichwa, macho yake yanabadilika rangi, na mtoto ameduwaa mbele yake. Haikupita muda akafika kwetu mfanyabiashara mwenye karatasi za bei. Katika kikao cha wazazi ikatolewa rai kwamba michango tuliyoanza kukusanya kwa ajili ya darasa la awali inunue mashine ya namna hiyo, watoto wetu wasije wakaachwa nyuma na wale wa mijini. Wengine wakaipinga rai hiyo wakisema ni anasa. Mkaniomba nitafute yanayojulikana kwa utafiti kuhusu roboti na watoto wadogo wanaojifunza lugha ya pili, nije niwaeleze kabla Kamati ya Maendeleo ya Kata haijakaa kuamua.

Nimeyatafuta, nikisaidiwa na vijana wanaoijua intaneti kuliko mimi. Sikuja kuwacheka waliotoa rai ile, kwa maana waliitoa kwa uchungu wa wana wao. Nimekuja na niliyoyaona, ili uamuzi wenu uwe na miguu ya kusimamia.

LUGHA YA PILI YA WATOTO WETU

Tunaposema lugha ya pili, wengi hufikiri Kiingereza. Lakini watoto wengi wa kata yetu huanza kusema kwa Kizigua au Kisambaa. Wanaingia darasa la awali wakiwa na miaka 5, na asubuhi ile ile wanakutana na Kiswahili kikiwa lugha ya mwalimu, lugha ya kuombea ruhusa na lugha ya kuonewa. Hawajatulia, Kiingereza nacho kinabisha hodi. Kwa mtoto wa namna hiyo Kiswahili ndicho lugha ya pili, na ndicho mlango wa masomo yote yanayofuata.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa hali hiyo, binti aliyetoka kitongoji cha mbali. Muhula mzima hakufungua kinywa. Alikuja kila siku, akakaa pale pale, akatazama. Mwisho wa muhula niliandika katika daftari langu kwamba uwezo wake ni mdogo na kwamba arudie darasa. Nitarudi kwa binti huyo baadaye, kwani hadi leo namkumbuka kuliko wengi waliosema sana.

ROBOTI YA NAMNA GANI?

Wataalamu huziita roboti jamii, yaani mashine zilizoundwa ili zishirikiane na watu kwa sauti, kwa macho na kwa ishara za mikono. Inayotumika sana katika utafiti wa watoto huitwa NAO, ilitengenezwa na kampuni ya Kifaransa, na kimo chake ni sentimita 58. Ukiiweka mezani, uso wake unakabiliana na uso wa mtoto aliyesimama.

Lugha yetu inatulazimisha kuchagua jinsi ya kuitaja. Je, tuseme “roboti hii inacheka” au “roboti huyu anacheka”? Mimi leo nitasema “hii”. Lakini mkiwaacha watoto waseme wenyewe, wengi watasema “huyu”, na katika uchaguzi huo mdogo mna jambo zima tunalolizungumza. Mtoto huona mbele yake kitu kilicho kati ya mwanasesere na mwenzake, na anataka kujua ni kipi. Hulijua kwa njia moja: hukisemesha, akangoja kuona kama kitamjibu.

KUJIBIWA

Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, Marekani, wakiongozwa na Patricia Kuhl, walichapisha utafiti juu ya watoto wachanga wa miezi 9 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilikaa na watu waliosema nao Kichina, wakiwasomea na kuwachezea kwa vitabu na vitu vya watoto, vipindi 12 vya kama dakika 25. Wengine walipewa sauti zile zile kwa njia ya televisheni au kwa kusikiliza tu. Waliokaa na mtu walizitambua sauti za Kichina ambazo watoto wa Kiingereza huzipoteza. Waliotazama televisheni hawakupata kitu. Maneno yalikuwa yale yale. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mtoto na kufuata macho yake.

Sasa swali linakuja lenyewe: roboti iko upande gani? Ni kama televisheni, au ni kama mtu?

Utafiti wa pili ulifanyika San Diego, California, ukachapishwa mwaka 2007. Haukuhusu lugha, ulihusu urafiki. Roboti iliyoitwa QRIO iliwekwa katika darasa la watoto wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili kwa zaidi ya miezi 5. Vipindi 27 vya mwanzo roboti ilikuwa na mambo mengi ya kufanya, na mahusiano yake na watoto yakazidi kuwa mazuri. Kisha watafiti wakaibadili ili matendo yake yatabirike, na katika vipindi 15 vilivyofuata watoto wakapoa upesi. Ilipoachwa itende tena kama mwanzo, vipindi 3 vya mwisho uhusiano ukafufuka. Kufikia mwisho watoto waliitendea kama mwenzao. Ilipolala kwa kuishiwa nguvu ya betri, walikuwepo waliochukua blanketi wakaifunika.

Kuna jambo moja dogo katika taarifa hiyo ambalo mwalimu yeyote wa awali atalielewa. Roboti ile ilifundishwa kucheka kidogo kila ikiguswa kichwani. Kicheko hicho kifupi, kilichokuja papo hapo baada ya mguso, kilisaidia sana kuwafanya watoto waijali. Mtoto aligundua kwamba akitenda, hutendewa.

KIPYA KINYEMI

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Huko Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, Takayuki Kanda na wenzake waliweka roboti mbili zinazosema Kiingereza katika shule ya msingi, moja karibu na darasa la kwanza na nyingine karibu na darasa la sita. Roboti zilikuwa na sentensi kama 300 za kusema na zilitambua maneno kama 50. Watoto walivaa vitambulisho maalumu, hivyo roboti iliweza kumjua aliyeikaribia.

Wiki ya kwanza watoto walijaa. Wiki ya pili idadi ikashuka ghafla. Walibaki wachache, na wale walioendelea kuzungumza na roboti katika wiki ya pili ndio ambao Kiingereza chao kilionekana kuongezeka. Uchambuzi wao ulidokeza zaidi kwamba roboti ilifanikiwa zaidi kwa watoto ambao tangu awali walikuwa na Kiingereza kidogo au hamu nacho.

Naomba tulitafakari hilo kwa makini, maana linatugusa. Mashine tunayoitaka imsaidie aliye nyuma ilimfaa zaidi aliyekwisha tangulia. Mtoto aliyekuwa na neno la kusema alijibiwa, akarudi tena. Asiyekuwa na neno alitazama siku chache, akaenda zake kucheza. Mfano wa binti yangu yule mkimya angeangukia kundi gani, nadhani mnaona wenyewe.

WATOTO 194 WA UHOLANZI

Utafiti mkubwa zaidi niliousoma ni wa mradi ulioitwa L2TOR, ulioviunganisha vyuo vikuu vya Uholanzi, Ujerumani, Uturuki na Uingereza kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Mradi huo uliwafikiria pia watoto wa wahamiaji wa Kituruki, ambao huingia shule wakiwa na lugha moja ya nyumbani na kukuta nyingine darasani. Hali hiyo hatuigeni sisi.

Matokeo yake makuu yalitolewa mwaka 2019. Watoto 194 wa Kiholanzi wenye umri wa miaka 5 hadi 6 walifundishwa maneno 34 ya Kiingereza katika masomo 7. Waligawanywa makundi manne. La kwanza lilifundishwa na roboti ya NAO pamoja na kishikwambi, na roboti ilionyesha kwa mikono maana ya maneno. La pili lilikuwa na roboti hiyo hiyo na kishikwambi, lakini bila ishara hizo. La tatu lilikuwa na kishikwambi peke yake. La nne lilicheza ngoma na roboti bila kufundishwa maneno yoyote, ili liwe kipimo.

Watoto wa makundi matatu ya kwanza walijifunza kuliko wale waliocheza ngoma tu. Hilo ni jema. Lakini makundi hayo matatu yenyewe hayakutofautiana. Aliyefundishwa na roboti hakumzidi aliyefundishwa na kishikwambi kitupu, na ishara za mikono hazikuongeza maneno. Haki inanitaka niseme kwamba utafiti mdogo wa mradi huo huo, wa mwaka 2018, uliotumia majina 6 tu ya wanyama, ulikuwa umeonyesha ishara zikisaidia kumbukumbu. Huenda mbawa za kuku ni rahisi kuonyesha kwa mikono kuliko maana ya “kando ya” au “pungufu”.

Baadaye watafiti wale walirudi kuzitazama video za masomo, wakapima ushiriki wa watoto. Waliugawa mara mbili: ushiriki wa mtoto katika kazi, na ushiriki wake kwa roboti. Ushiriki katika kazi ulipungua kadiri masomo yalivyosonga, katika makundi yote matatu sawasawa. Roboti yenye ishara iliwavuta watoto zaidi kuliko isiyo na ishara. Na watoto walioshiriki zaidi, iwe katika kazi au kwa roboti, walielekea kukumbuka maneno mengi zaidi.

Kwa hiyo tusidharau mvuto. Mvuto una faida. Ila tuutenge na kujifunza, kwa sababu ni mambo mawili, na katika video za simu hatuonyeshwi ila moja. Mtoto aliyeduwaa mbele ya mashine anaonekana anajifunza. Waalimu wenzangu wanajua kwamba darasa lililoduwaa kwa kumtazama mjusi ukutani halijifunzi habari za mjusi.

Liko na jingine. Katika utafiti ule roboti haikuachiwa peke yake kazi ya kusikia. Mtafiti aliyekuwa kando ndiye aliyeijulisha mashine kwamba mtoto ametamka neno. Mashine za kutambua sauti zimezoezwa zaidi kwa sauti za watu wazima, na sauti ya mtoto mdogo huzitatiza: ni nyembamba, ina vigugumizi, ina herufi ambazo bado hazijakaa mdomoni. Ikiwa ilikuwa hivyo kwa watoto wa Uholanzi, mnaweza kukisia itakavyokuwa kwa mtoto wa miaka 5 anayesema Kiswahili chenye lafudhi ya Kizigua, huku wenzake wanapiga kelele nyuma yake na mvua inapiga bati.

MTOTO AKIWA MWALIMU

Nisije nikaonekana nimekuja na hukumu mfukoni. Roboti zina jambo moja ambalo sisi walimu tunapaswa kulionea wivu: hazichoki kurudia, na mtoto haoni haya kukosea mbele yake.

Tena wapo watafiti waliozitumia kwa hekima. Huko Japani, mwaka 2012, Fumihide Tanaka na Shizuko Matsuzoe walichapisha habari za watoto wa miaka 3 hadi 6 waliokuwa wakijifunza vitenzi vya Kiingereza. Badala ya roboti kumfundisha mtoto, mtoto alipewa kazi ya kuifundisha roboti. Roboti ilikosea makusudi. Mtoto akaishika mkono, akaisahihisha. Maneno waliyoyafundisha waliyakumbuka vizuri zaidi. Mtoto ambaye kila mtu nyumbani na shuleni anajua kuliko yeye, alipata mmoja wa kumwelekeza.

Hilo linaweza kufanyika bila mashine. Linahitaji mtu mzima aliye tayari kuwa mjinga kwa dakika tano.

TULIYOYAONA HAPA MKOANI

Wapo watakaosema: basi tununue vishikwambi. Nao hawakosei sana, na mkoa wetu una ushahidi wake. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE yalifanya majaribio yake katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga, yakiwa na watoto karibu 3,000. Vishikwambi vilikuwa na programu za Kiswahili, na vilichajiwa kwa umeme wa jua. Kwa taarifa ya waandaaji, mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School.

Kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, hilo si jambo dogo. Lakini programu zile zilikuwa za Kiswahili. Nasi tukumbuke nusu iliyobaki.

GHARAMA ZISIZOANDIKWA KWENYE KARATASI YA BEI

Karatasi ya mfanyabiashara inataja bei ya kununua. Haitaji mambo matatu.

La kwanza ni uhai wa kampuni. Roboti nyingi za leo hufikiri kwa msaada wa kompyuta zilizo mbali, kupitia intaneti. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Marekani iliyotengeneza roboti ya watoto iitwayo Moxie ilitangaza kwamba inafunga kazi, na kwamba roboti hizo zinategemea kompyuta zake. Wazazi wakajikuta wanatafuta namna ya kumweleza mtoto kwa nini rafiki yake ataacha kusema. Watoto wale wa San Diego walileta blanketi kwa mashine iliyolala. Je, mtoto wetu tutampa blanketi la nini siku mtambo ukizimwa ng'ambo?

La pili ni masikio na macho. Mashine inayomjibu mtoto lazima imsikie, na aghalabu imtazame. Sauti na picha hizo huenda mahali. Mwaka 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere mmoja aliyekuwa akisikiliza watoto na kuunganishwa na intaneti, kwa kumhesabu kuwa chombo cha kusikiliza watu kwa siri. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sauti ya mtoto wako ni taarifa yake. Haitolewi bila wewe kujua inakwenda wapi.

La tatu ni mwalimu. Katika utafiti ule wa Uholanzi alikuwepo mtu mzima kando. Hapakuwa na roboti iliyoachiwa darasa. Anayetuuzia roboti kama njia ya kupunguza uhaba wa walimu anatuuzia ambacho tafiti hizi hazikukijaribu.

USHAURI WANGU

Kwa hayo niliyoyasoma, na kwa miaka niliyokaa na watoto, rai yangu ni kwamba mchango wetu wa mwaka huu usinunue roboti. Ununue kwanza watu na muda.

Tupate wasaidizi wawili wa darasa la awali, vijana au wazee wa hapa hapa kwetu, mmoja anayesema Kizigua na mwingine Kisambaa, wanaojua Kiswahili vizuri, na tuwape posho yao kwa wakati. Kazi yao iwe kukaa na watoto wanne wanne na kuzungumza nao juu ya picha, mbegu, vyombo vya jikoni, hadithi. Kila mtoto ajibiwe kwa jina lake kila siku. Tununue mikeka, kadi za picha na vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Kikibaki kitu, tuulize Halmashauri habari za vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vitakavyotumiwa mtoto akiwa na mtu kando yake.

Na kama mfanyabiashara atarudi, tusimfukuze. Tumwulize maswali haya manne. Je, mashine yake inamsikia mtoto wa miaka 5 wa kata hii akisema Kiswahili chake? Intaneti ikikatika, itafanya nini? Sauti na picha za watoto zitahifadhiwa wapi, na nani ameidhinisha? La nne ndilo kubwa: yuko tayari kutuachia mashine kwa wiki tatu, nasi tuipime katika wiki ya tatu? Siku ya kwanza kila mtoto atacheka. Wiki ya tatu ndipo tutakapojua nani bado anasema nayo, na nani amerudi kwenye kona yake.

Kwa wazazi, nina ombi moja ambalo halina mchango. Jioni, mtoto akikuletea neno la shuleni, acha ulichoshika, umtazame, ulirudie neno lile na kuliongezea jingine. Akisema “ndege”, wewe sema “ndege yule anaruka juu ya mwembe”. Na msiache kusema nao lugha ya nyumbani kwa kudhani mnakisaidia Kiswahili. Mtoto mwenye maneno mengi ya Kizigua ana mambo mengi ya kutafutia maneno ya Kiswahili.

YULE BINTI

Niliahidi kurudi kwa yule binti. Muhula wa pili ulipoanza tulikuwa katika bustani ya shule, nikaona anang'oa mmea mmoja nisioujua. Sikuwa na nia yoyote ya kufundisha. Nilitaka tu kujua. Nikamwuliza jina lake kwa Kizigua, kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Akaniambia kwa sauti ndogo. Nikalitamka vibaya. Akacheka, akanisahihisha. Nikakosea tena, safari hii makusudi, naye akanisahihisha kwa nguvu, mkono kiunoni, kama mwalimu.

Kesho yake alinifuata mwenyewe na mmea mwingine. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ananiuliza, “Kwa Kiswahili?” Hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililolisikia kinywani mwake. Alikuwa na uwezo tangu siku ya kwanza. Muhula mzima nilikuwa nimemwuliza maswali ambayo majibu yake nayajua mimi, kwa lugha isiyo yake, na alipokaa kimya nikauandika ukimya ule kuwa upungufu wake.

Niliyafuta maneno yale katika daftari. Lakini niliyafuta kwa kuwa mmea uliotea mahali nilipopita. Wapo wengine ambao sikupita karibu nao, na maneno niliyowaandikia yalikwenda nao darasa la kwanza. Ndiyo maana nimesimama hapa leo kuomba watu wawili wa kukaa na watoto wanne wanne.

Kamati ya Maendeleo ya Kata inalo jambo hili mkononi, na kila mzazi anayo haki ya kumfikishia mwenyekiti wa kitongoji chake maoni yake kabla kikao hakijafanyika. Wenye watoto waliotimiza miaka 5 ambao bado hawajaandikishwa, fikeni shuleni au ofisi ya mtendaji wa kijiji. Kuandikisha hakuna ada. Wazee na vijana wanaozijua lugha zetu na wanaopenda watoto, acheni majina yenu kwa Afisa Mtendaji wa Kata.